Nilivyorejeshewa fedha za mchezo uliouzwa kabla ya kukamilika

Mchezo wa video nilioununua kwa bei kamili siku ulipotoka haukuwa umekamilika. Kila mara mhusika wangu alipovuka daraja la kuingilia mji wa pili, picha iliganda, sauti ikaendelea kidogo, kisha programu ikajifunga yenyewe; nilipoifungua tena, hifadhi yangu ya mwisho, yaani rekodi ya pale nilipofikia, ilikuwa imeharibika. Kompyuta yangu ilizidi mahitaji yaliyotajwa kwenye ukurasa wa mauzo, hivyo kasoro haikuwa upande wangu.

Niliomba duka la mtandaoni lililoniuzia linirejeshee fedha, nikajibiwa kwamba nimecheza kupita muda unaoruhusiwa. Kanuni ya duka hilo ilifanana na ile ambayo Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, inaitumia tangu 2015: ombi litumwe ndani ya siku 14 za ununuzi, na mchezo uwe umechezwa kwa muda usiofikia saa 2. Kanuni hiyo humfaa aliyenunua akajuta, lakini haimtoshi aliyeuziwa kitu kibovu, kwa sababu hitilafu nyingi hujitokeza mbele ya safari, na muda anaoupoteza mnunuzi akibadilisha mipangilio ndani ya mchezo nao huhesabiwa kuwa wa kucheza. Hilo liliniudhi kuliko hitilafu yenyewe.

Ndipo nilipobadili hoja. Sikusema tena kwamba sikuridhika, bali kwamba nilichopewa hakilingani na maelezo niliyouziwa. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inataka bidhaa za kidijitali ziwe na ubora wa kuridhisha, zifae kwa matumizi yake na zilingane na maelezo yake. Nchini Australia, mwaka 2016, mahakama iliitoza Valve, kampuni inayomiliki Steam, faini ya dola milioni 3 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wanunuzi kuhusu haki zao za kurejeshewa fedha. Masharti ya duka, kwa maneno mengine, hayawezi kufuta haki iliyotolewa na sheria.

Nilipiga picha ukurasa wa mauzo kabla haujabadilishwa, nikarekodi video ya tukio la darajani tangu mwanzo hadi programu inajifunga, nikaambatisha na tangazo la watengenezaji wenyewe lililokiri kwamba kosa la kuharibu hifadhi linafahamika na litarekebishwa katika sasisho lijalo. Tangazo hilo ndilo lililokuwa na uzito zaidi. (Kama mchezo ungeuzwa kwa tamko la wazi kwamba bado unatengenezwa, madai yangu yangekuwa dhaifu.) Niliwakumbusha pia kwamba Desemba 2020 Sony iliuondoa mchezo wa Cyberpunk 2077, uliokuwa na hitilafu nyingi, kwenye duka lake wiki moja tu baada ya kutoka, ikawarejeshea fedha walioununua humo na kutaka kurudishiwa.

Safari hii alinijibu mtu, si mashine, akakubali kwamba mchezo ulikuwa na kasoro, ila akapendekeza nipewe salio la kutumia katika duka lao. Nilikataa kwa upole, nikamweleza kwamba nililipa kwa kadi na fedha zinapaswa kurudi zilikotoka. Zilirudi kwenye kadi, zote.