Ua la chini ya kikombe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa kumi, wakati uwani kwetu Mikindani, Mtwara, hapapitiki kwa korosho zilizoanikwa. Nilijifungua kwa upasuaji, nikapoteza damu nyingi, nikaongezewa chupa mbili. Siku nne nilikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Mtoto alipewa maziwa ya kopo kwa chupa, na aliyempa simlaumu hata leo, kwa sababu mtoto hawezi kulala njaa akimsubiri mama apone. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa siku zile zote maziwa yangu yalitakiwa yakamuliwe, hata kama ni matone.

Alipofika wiki sita alikuwa anakunywa karibu mililita 600 za kopo kwa siku. Kopo la gramu 400 lilikuwa halivuki siku ya tano. Nikimweka ziwani ananyonya dakika mbili, anajikunja, analia, anatafuta chupa. Wageni waliokuja kuniona walishatoa hukumu: maziwa yamekatika. Mama mkwe alinipikia uji wa pilipili manga na karanga asubuhi, supu ya pweza jioni. Nilikunywa vyote, na usiku naingia bafuni kulia.

Kliniki nilikutana na nesi mmoja mtu mzima ambaye, tofauti na wengine, hakuanza kwa kuniuliza kwa nini nampa mtoto kopo. Alisema, "Mnyonyeshe nione." Akatazama kimya. Kisha akamtoa mtoto, akamrudisha kwa namna nyingine: tumbo lake kwenye tumbo langu, kidevu kimegusa ziwa, mdomo umepanuka mpaka sehemu nyeusi inaingia, si chuchu peke yake. Maumivu niliyoyazoea hayakuja.

"Maziwa hayakatiki hivi hivi, mama," aliniambia. "Ziwa likikaa na maziwa linajua hayatakiwi, linapunguza kutengeneza. Likitolewa kila mara, linaongeza. Uji kunywa, una nguvu. Lakini uji peke yake hautoi maziwa."

Akanipa kazi. Kunyonyesha mara nane hadi kumi kwa siku, na usiku nisiruke, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Kila nikimaliza kunyonyesha, nikamue kwa mkono dakika kumi. Kopo nisiliache. Hilo alilirudia mara mbili, kwamba mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kuvuta. Ila lisipite tena kwenye chupa. Alinipa mrija mwembamba, akanionyesha jinsi ya kuubandika kwa plasta ncha moja ikae kwenye chuchu, nyingine izame kwenye kikombe cha maziwa ya kopo. Mtoto akivuta ziwa, anapata vyote viwili.

Nilipokamua mara ya kwanza nilikingia kikombe cha kahawa cha mama mkwe, vile vidogo visivyo na mkono, chenye ua jekundu limechorwa chini kwa ndani. Dakika kumi, mikono inauma, na yale matone hayakufunika hata ua. Nilimnywesha mtoto kwa kijiko. Mama mkwe akaangalia kikombe, hakusema kitu. Kesho yake akaacha kuuza mihogo sokoni, akachukua jiko, maji na nepi zote. "Wewe kaa na mtoto," akasema. Mpaka leo naamini huo ndio msaada uliozidi pweza wote wa Mikindani.

Yeye ndiye aliyekuwa mshika kikombe. Tulijifunza wenyewe kwamba kikiinuliwa juu ya ziwa maziwa yanakimbia, kikishushwa yanakwenda polepole mpaka mtoto afanye kazi. Baada ya kila mlo anapitisha maji ya moto kwenye mrija kwa bomba la sindano, anautundika ukauke.

Wiki ya kwanza tulipunguza mililita 50 za kopo, tukasubiri siku tatu, tukapunguza nyingine 50. Kwenye mizani mtoto akaongezeka gramu 60 tu kwa wiki nzima. Nilihisi miguu inaniisha nguvu. Nesi akasema turudishe tulichopunguza, twende taratibu zaidi, tuhesabu nepi: mkojo usipungue mara sita kwa siku. Tukarudisha. Nilijiona nimerudi mwanzo.

Kama siku kumi baadaye, usiku, umeme umekatika na joto la mwezi wa kumi na mbili limetubana chumbani. Tulikaa kwenye mkeka, tochi ya simu imeegemezwa kwenye mto. Mama mkwe amechoka, mkono umemshuka, kikombe kimekaa karibu na goti lake. Mimi nilisikia kama sindano ndogo ndogo zikinichoma ndani ya ziwa, na ziwa la pili likaanza kuloanisha khanga. Mtoto akabadilika. Ule uvutaji wa haraka haraka ukawa wa taratibu, anavuta, anatulia, anameza, na kila akimeza inasikika.

"Mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza. "Hebu tazama. Kikombe hakipungui."

Nikatazama. Maziwa kikombeni yalikuwa palepale, na koo la mtoto linapanda na kushuka. Mama mkwe akakiweka kikombe chini, akauchomoa mrija taratibu asimshtue mtoto, akafunika uso kwa ncha ya khanga yake.

Kopo halikuisha. Lilishuka mpaka mililita 240 kwa siku, likagoma hapo, na nesi akasema sawa, kadi inapanda vizuri. Nilirudi kazini siku zangu 84 za likizo zilipokwisha, nikaomba ule muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku, ambao sheria ya kazi inampa mama, nikawa narudi nyumbani mchana. Jioni alikuwa anapata kikombe chake cha kopo, bila mrija, mpaka alipoanza uji wa miezi sita.

Kile cha kahawa chenye ua mama mkwe hakukirudisha kwenye sinia. Wageni wakija anatoa vitano.