Betri ya Gari la Baba Yake

Mwanangu wa mwisho alipita sebuleni, akasimama kando ya spika, akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, huyu ataanza kuimba saa ngapi?"

Haimbi, nikamwambia. Anaongea tu. Akaenda zake kucheza.

Ilikuwa tarehe 5 Aprili, siku aliyofariki Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Kimarekani ya Nirvana, mwaka 1994. Kila inapofika, wenzangu wanaopenda roki mbadala hufungulia nyimbo za Nirvana mpaka madirisha yatetemeke. Mimi hufungulia mazungumzo yake. Na swali la mtoto likanirudisha moja kwa moja kwa babu yake, aliyewahi kuuliza karibu swali hilohilo, ila yeye hakuondoka.

 Muziki wetu Baba yangu aliuita kelele za watu waliokosa usingizi. Gitaa la kaka yangu lilitoka nyumbani kwetu siku ileile kaka alipotoka kwa ugomvi na mzee, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja jina la bendi yoyote mbele ya mzee. 

Wakati ninaousimulia, Baba alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuja kupumzika kwangu. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vizito na kukodolea televisheni. Huyu ni fundi wa magari, maisha yake yote ameinamia injini. Kwake kukatazwa kuinama ni kunyang'anywa mchana mzima. Akawa anakaa kitini, jicho limefunikwa, jingine amelifumba kwa hiari yake, anasikiliza nyumba. Aliyajua magari yote ya majirani kwa sauti.

Jioni moja nilidhani amelala. Nikafungua kompyuta, nikaweka filamu ya AJ Schnack ya mwaka 2006, About a Son. Kwa asiyeijua: mwandishi Michael Azerrad, alipokuwa akitayarisha kitabu chake kuhusu Nirvana, alikaa na Cobain na kinasa sauti kati ya Desemba 1992 na Machi 1993. Yakapatikana mazungumzo ya zaidi ya saa 25. Kitabu kilitoka mwaka 1993, miezi michache tu kabla ya kifo. Miaka mingi baadaye Schnack alichukua kanda zile, akazitandikia picha za Aberdeen, Olympia na Seattle, miji ya jimbo la Washington ambamo Cobain aliishi: viwanda vya mbao, mitaa, nyuso za watu wa kawaida. Humo hamna wimbo hata mmoja wa Nirvana. Uso wake wenyewe hauonekani karibu filamu nzima. Ni sauti yake tu, imechoka kidogo, inasimulia.

Ndiyo maana nasema Baba hakukosa kitu kwa kufumba macho. Sidhani kama kuna filamu nyingine ambayo kipofu wa wiki mbili angeifaidi kiasi kile.

"Huyu ni mwimbaji?" akauliza kutoka kitini. Kumbe hakulala.

"Ndiyo, Baba."

"Mbona haimbi?"

Nikamweleza kwa ufupi ni nani. Nilitegemea aniambie nizime. Akanyoosha miguu, akasema, "Acha aongee." Kiingereza alichojifunza kwenye vitabu vya magari kilimtosha, na palipomshinda alinyoosha kidole nami nikasimamisha, nikamfafanulia.

Cobain akafika kwenye utoto wake. Wazazi wake waliachana mwaka 1976, na baba yake alikuwa na kazi katika kampuni ya magogo; kazi yenyewe ilikuwa kuyahesabu. Jumamosi mzee huyo alimchukua mwanawe waende wote kazini. Yeye anatoka nje kuhesabu, mtoto anabaki. Anachorachora ofisini, anapanda juu ya marundo ya mbao, mwishowe anaingia kwenye gari na kusikiliza kanda ya bendi ya Queen. Inaisha, anairudia. Inaisha, anairudia tena. Mpaka betri ya gari inakufa, na baba na mwana wanakwama palepale.

Mkono wa Baba ukapanda juu. "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Tukasikiliza tena magogo, Queen, betri. Baba amekunja uso chini ya kile kitambaa cha jicho, vidole vinagonga mkono wa kiti, namjua, anapiga hesabu.

"Redio tu? Taa alikuwa amezima?"

"Hajasema, Baba."

"Inawezekana," akasema baada ya muda. "Injini imezimwa, betri haiingizi chaji. Kama ilikuwa imezeeka, na huko kwao kuna baridi, haihitaji siku nzima." Vidole vikaendelea kugonga. "Kampuni ya magogo haikosi lori. Watakuwa waliwasha kwa nyaya za lori."

Halafu akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha tumboni, mpaka nikaogopa kwa ajili ya jicho lake, nikamwambia taratibu Baba, naye akanipungia mkono niachane naye. Kicheko kilipokwisha aliinamisha kichwa, jambo alilokatazwa, na mimi sikuwa na moyo wa kumkumbusha.

"Kaka yako alinifanyia hivyohivyo," akasema.

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Akaisimulia polepole, huku filamu imesimama, kiooni kumeganda mtaa wa Aberdeen ambao yeye hakuuona. Kaka alikuwa mdogo, hajaanza hata gitaa. Alikuwa na kanda moja tu aliyopewa na mtu, na kwetu hakukuwa na kitu cha kuichezea. Gereji kulikuwa na gari la mteja lenye redio ya kanda, limeshatengenezwa, linasubiri mwenyewe. Akajifungia humo tangu asubuhi. Mwenye gari akaja jioni, akalipa, akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Akamtazama Baba kama mtu aliyetapeliwa.

"Nilimfukuza mtoto mbele ya yule mteja," Baba akasema. "Nilimwambia asikanyage tena gereji. Nilitaka mteja aone kwamba kosa si la kazi yangu."

"Na kaka?"

"Hakukanyaga tena."

Nilikaa bila kujua niseme nini. Miaka yote nilidhani ugomvi wao ulianzia kwenye gitaa, kwenye nywele, kwenye shule aliyoiacha. Kumbe chini yake kulikuwa na betri. Na aliyeifukua ni kijana wa Aberdeen, aliyeulizwa maswali na mtu aliyekuwa na subira ya kumsikiliza akizungumzia gari la baba yake.

Baba aliliona hilo kabla yangu. "Anayemuuliza ni nani?" Nikamtajia Azerrad. Akatikisa kichwa kwa heshima, ile heshima anayompa fundi mwenzake. "Huyo anajua kazi. Mtu wa haraka angemuuliza habari za pesa."

Nimependa mahojiano marefu ya wanamuziki hawa tangu usichana, na hakuna aliyewahi kunieleza sababu vizuri kuliko sentensi hiyo. Watu wa roki mbadala walisumbuliwa sana na maswali ya haraka. Filamu ya Grant Gee ya mwaka 1998 iliwafuata bendi ya Radiohead katika ziara ya albamu yao ya 1997, na ninachokikumbuka zaidi humo ni foleni ya mahojiano: chumba baada ya chumba, swali lilelile, mwimbaji wao Thom Yorke anazidi kufifia machoni mwetu. Mtu akiulizwa mara mia kwa nini muziki wake una huzuni, mwishowe atajibu chochote ili aondoke. Lakini kaa naye usiku kucha, mwache apotee njia, arudi, ajipinge mwenyewe, na hapo katikati ndipo betri inapojitokeza. Hakuna mwandishi anayeweza kupanga swali la betri. Anachoweza ni kuacha nafasi yake.

Mpaka jicho likapona, tulikuwa tunasikiliza kila jioni. Baba hakuutaka muziki hata siku moja, alitaka maongezi. Nilimweleza jinsi bendi ya Pixies walivyotangaza Boston mwaka 1986 kwamba wanatafuta mpiga besi anayependa bendi ya Hüsker Dü na pia kundi la Peter, Paul and Mary, yaani kelele na upole kwa pamoja, na aliyejitokeza ni Kim Deal peke yake, tena hana besi. Baba akapenda kwamba walimchukua. Nikamweleza Peter Buck wa bendi ya R.E.M., aliyenunua mandolini, ala ndogo ya nyuzi, akawa anajifunza mbele ya televisheni huku kinasa sauti kinazunguka, na katika kubahatisha huko ukapatikana mwanzo wa wimbo wao uliosambaa dunia nzima mwaka 1991. Akaniuliza swali ambalo hata mimi nisingeliwaza: je, aliacha televisheni ikiwa na sauti?

Aliyemteka zaidi ni Steve Albini. Huyu alirekodi albamu ya mwisho ya studio ya Nirvana, Februari 1993, katika studio ya Pachyderm huko Minnesota, siku zilezile ambazo Azerrad alikuwa bado anamrekodi Cobain. Wakati huo maprodyuza walikuwa wanadai asilimia ya kila albamu inayouzwa. Albini aliwaandikia bendi kwamba hataki asilimia. Alipwe kama anavyolipwa fundi bomba, afanye kazi, apewe thamani ya kazi, basi. Maishani mwake aliendelea kuyaeleza hayo kwa kila aliyekuwa na muda wa kumsikiliza, pamoja na mambo ya maikrofoni na kuta na kanda, bila kuficha siri yoyote ya ufundi. Baba alikaa wima.

"Sawasawa," akasema. "Mimi nikitengeneza gari sidai sehemu ya safari zake."

Albini alipofariki, Mei 2024, niliyempigia simu kwanza ni Baba. Bado hajawahi kusikia albamu hata moja ya mtu huyo, lakini alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza studio yake ya Chicago itabaki na nani.

Lakini kuna jambo ambalo hatujakubaliana mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Ule usiku wa betri, baada ya filamu kwisha, nilikuwa nimejaa furaha. Nilimwambia huu ndio uzuri wa mazungumzo marefu: sasa unamjua mtu. Baba akakataa.

"Nimemsikia mtoto," akasema. "Baba yake sijamsikia."

Nikajitetea. Nikamwambia filamu ile nguvu yake ni kwamba sauti ni moja. Ukiingiza ya pili inakuwa kesi, kila mtu anajibu hoja. Nikamwambia magazeti ya wakati ule yalikuwa yamejaa watu wakimsemea Cobain, na hapa angalau anajisemea mwenyewe, kwa saa nyingi, bila kukatizwa. Yote hayo naamini bado. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mtu anayempeleka mwanawe kazini Jumamosi huenda hakuwa na kwingine pa kumpeleka, au huenda alitaka tu awe naye karibu, na katika kanda zile hakuna wa kutuambia. Kijana alikuwa ndani ya gari. Hakumwona mzee akihesabu.

Nilimpigia kaka yangu wiki ile, nikamsimulia yote, la gari la mteja na la mjadala wetu. Nilikuwa na hakika atakuwa upande wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mahojiano ya wanamuziki, yeye ndiye aliyekuwa akikata kurasa za magazeti na kunitunzia. Akakaa kimya, akaniuliza kama Baba kweli alicheka. Nikamwambia alicheka sana. Akasema Baba ana haki: angependa kumsikia yule mzee wa magogo, hata kwa dakika kumi.

Sijapata la kuwajibu, si yeye, si Baba. Mwaka huu nilipoifungulia tena sehemu ile, nilijikuta nasikiliza kwa sikio jingine, namtafuta mtu aliye nje ya gari, na sikumpata.