Siku ya kushona bawa, katikati ya baridi ya Julai

Saa 11 na nusu alfajiri

Nikiamka natoka moja kwa moja hadi gereji, koti juu ya nguo za kulalia, nikasome vipimo viwili nilivyotundika ukutani. Kipimajoto: nyuzi 12. Kipimaunyevu: asilimia 88. Naandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Nje kumefunga, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti ya jirani, na mabati yanadondosha maji ingawa hakuna mvua ya kuitwa mvua. Hii ndiyo Julai ya Nairobi. Tuko karibu na ikweta lakini mji umekaa juu, mita 1,700 hivi, na mwezi huu jua huweza kupotea wiki nzima.

Gari letu linalala nje mwaka wa tatu sasa. Ndani kuna ndege ya viti viwili ninayoiunda, ambayo bado iko vipande vipande: mwili wa mabomba ya chuma umefunikwa turubai, bawa la kulia limening'inizwa chini ya paa, na bawa la kushoto limesimama wima katikati ya gereji, urefu wa mita nne na nusu, kitambaa chake kikiwa na rangi ya waridi ya dawa ya kwanza ya kuziba kitambaa niliyopaka Jumamosi. Nikimulika tochi kutoka nyuma, mbavu zote 14, zile zinazolipa bawa umbo lake, zinaonekana kama mtu anayepigwa picha ya eksirei. Kila asubuhi nasimama hapo dakika moja zaidi ya ninayohitaji.

Watu huniuliza kwa nini nafanya kazi hii msimu wa baridi. Likizo yangu huangukia Julai, hilo ni moja. La pili ni vumbi. Januari na Februari vumbi la barabara yetu huingia hata ndani ya kabati la vyombo, na punje moja ikitua kwenye dawa mbichi, imekaa. Julai vumbi limelala. Kinachobaki ni unyevu, na unyevu una saa zake. Siku nzima naipanga kuzizunguka saa hizo.

Saa 1

Chai, kisha mikebe. Dawa na gundi hulala chumba cha wageni ili zisiwe nzito kwa baridi, nami huzirudisha gereji asubuhi zikiwa bado zimefungwa. Ubao ulio mlangoni una kanuni yangu: joto chini ya 18, au unyevu juu ya 70, brashi haiguswi. Namba hizo nilizifikia baada ya kuharibu kipande kizima cha mkia mwaka jana, nikakivua kitambaa na kuanza upya.

Asubuhi kama hii, basi, ni ya sindano. Sindano haina habari na unyevu.

Saa 3

Shangazi anashuka kwenye matatu na mfuko wake wa kiondo. Ameshona sare za shule Kawangware kwa miaka 40, na Julai ndio mwezi wake mwepesi kidogo. Nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita Baba, hata aliponichapa nikiwa darasa la pili.

"Baba, umeamkaje? Mbona gereji ni baridi kuliko nje?"

"Ni sakafu, Shangazi. Nimekuwekea zulia pale unaposimama."

Anataka jiko la makaa. Kila wiki tunarudi kwenye mazungumzo haya, na kila wiki najieleza upya, kwa sababu ni haki yake kujua. Mvuke wa hizi dawa unashika moto haraka kuliko mafuta ya taa. Jiko likiwa ndani na mlango umefungwa, ile hewa ya makaa inaua bila harufu. Na hita ya gesi, ambayo mwanangu alipendekeza, ikiungua hutoa mvuke wa maji, yaani ingetuongezea kile kile tunachokikimbia. Anasikiliza, anavaa sweta la pili, anajifunga leso kiunoni.

Mandazi tunayala nje, barazani. Mafuta ya vidole yakigusa kitambaa, dawa haishiki hapo. Tunanawa kwa sabuni, tunajikausha, ndipo tunaingia.

Saa 3 na nusu

Niliposema shangazi yangu anasaidia kuunda ndege, wengine walidhani anatuletea chakula. Kazi ya leo ni yake kuliko yangu.

Kitambaa cha bawa kimebandikwa kwa gundi pembezoni na kukazwa kwa pasi mpaka kinalia kama ngoma. Hiyo haitoshi. Ndege ikiruka, kanieneo ya hewa juu ya bawa hushuka, na kitambaa cha juu hutaka kuinuka na kuachana na mbavu. Kikiinuka, umbo la bawa limeharibika ukiwa angani. Kwa hiyo kila ubavu unashonwa: uzi wa poliesta uliopakwa nta unaingia upande huu, unapita kando ya ubavu, unatoka upande wa pili, unarudi upande mwingine wa ubavu, unafungwa. Juu ya ubavu tumebandika utepe mgumu ili uzi usikate kitambaa. Sindano ina urefu wa inchi 12.

Ndiyo maana bawa limesimama wima. Mimi niko upande wa chini wa bawa, Shangazi upande wa juu, hatuonani. Nasukuma sindano, naona kitambaa kikitikisika anapoipokea, nasubiri, inarudi. Wiki ya kwanza tulikuwa tukisemeshana: "Nimeishika", "Ilete", "Shuka kidogo". Sasa ni kuguna tu. Yeye ndiye anayefunga mafundo, kwa sababu mkono wake unajua uzi umekazwa kiasi gani bila kuutazama. Fundo lenyewe ni la wasuka nyavu za kuvulia samaki, limebadilishwa kidogo, kisha linavutwa lipotelee ndani ya bawa ili nje pabaki laini. Mimi lilinichukua jioni tatu kulijua. Yeye aliliangalia mara mbili, akalifungua, akalifunga, akasema, "Hili ni kama la kumalizia kifungo cha koti, ila hili haliteremki."

Kitu kimoja kilimuuma mwanzoni: chaki. Fundi bila chaki ni fundi gani? Lakini chaki huacha unga, na wino wa kalamu ni mbaya zaidi, hupenya rangi zote na kujitokeza juu. Tunatumia penseli peke yake. Ramani inataka inchi mbili na nusu kati ya mshono na mshono, milimita 63.5, na karibu na mwili wa ndege, panapopigwa na upepo wa propela, mishono inasogezwa karibu zaidi.

Saa 5 hivi ndege ya kwenda Maasai Mara inapita juu yetu kutoka Uwanja wa Wilson. Hapa Lang'ata zinapita siku nzima. Shangazi anasimamisha sindano.

"Hizo nazo zimeshonwa?"

Namwambia hizo ni za bati la alumini. Lakini Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa. Ni jina la mama huyo uwanja ulilopewa baadaye.

Kimya kidogo upande wa pili wa bawa. Kisha: "Kwa hiyo palikuwa na mtu anashona." Na sindano inarudi.

Tunapofika ubavu wa tisa ananiita nizunguke. Ameweka kidole kwenye ubavu wa sita, wa wiki jana. Ile ni siku aliyokuwa na mazishi Murang'a, nikashona na mwanangu. Mishono mitatu imelegea. Ukiitazama huoni. Ukipitisha ukucha chini ya uzi, unainuka. Nimepita hapo kila asubuhi na tochi yangu na sikuona.

Ukikata uzi mmoja, mnyororo wote wa ubavu huo hauna kazi. Ni mishono 16. Nachukua mkasi na kuikata yote, tunaanza tena kutoka ukingo wa mbele. Dakika 50. Mwanangu atakaporudi kutoka shule nitamkalisha karibu na Shangazi aone tofauti kwa kidole chake mwenyewe.

Saa 6 na dakika 40

Mawingu yamefunguka. Nyuzi 20, unyevu asilimia 63. Hizi ndizo saa zangu, kati ya sasa na saa 10, na naziacha sindano.

Juu ya meza kuna usukani wa mkia, lile bapa la nyuma linaloigeuza ndege, umevikwa kitambaa kibichi cheupe. Kazi ni kuupiga pasi mpaka ukaze, kisha kuupaka dawa siku hiyo hiyo. Pasi ni ya kawaida ya nyumbani, ila namba za kitufe chake sizifuati. Nimeipima kwa kipimajoto cha kugusa na kuchora alama zangu mwenyewe: 121, 149, 177. Unaanza na ya kwanza pande zote mbili, unapanda. Ukimaliza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa wa pili, kitambaa kitaupinda usukani wote, pamoja na kwamba ni bomba la chuma. Na ukipita sana nyuzi 177, poliesta inaanza kulegea badala ya kukaza, na hairudi tena.

Nimemaliza 121. Nimegeuza. Nimepandisha hadi 149. Stima ikapotea.

Saa 7

Githeri yenye parachichi. Stima haijarudi.

Shangazi ana pasi ya makaa nyumbani, na anaitaja kwa upole, kwa sababu ameiamini maisha yake yote. Na kweli, kwa pamba na kaki hakuna mwenzake. Lakini makaa hayana alama ya 149. Yanapanda na kushuka kwa upepo, na sehemu moja ya pasi inakuwa moto kuliko nyingine. Anafikiri, anakubali: "Hata nailoni sikuwahi kuipiga na ile bila kitambaa juu."

Tunarudi kwenye mbavu tukisubiri. Ubavu wa kumi. Namsikia akihesabu kwa Kikuyu.

Saa 8 na dakika 25

Imerudi. Nasubiri pasi ipate joto, naipima upya, kwa sababu imepoa na siwezi kuamini kipimo cha mwanzo. 149 pande zote. 177 pande zote, polepole, kwa mikupuo mifupi kama mtu anayepiga pasi kola. Makunyanzi yaliyokuwa karibu na bawaba yanaondoka mbele ya macho yangu, na sijui furaha nyingine ya mikono inayofanana na hiyo. Nagonga kwa kidole. Kitambaa kinalia.

Saa 9 na dakika 50

Unyevu: asilimia 69. Nyuzi 19.

Kwa kanuni ya ubaoni, naruhusiwa. Kwa nambari moja, lakini naruhusiwa. Na nataka sana kupaka, kwa sababu nimebaki na siku nne za likizo na usukani ukipakwa leo, kesho naweza kuanza tepu zake, vile vipande vyembamba vya kitambaa vya kufunika maungio.

Nina fremu ndogo ya mbao yenye kitambaa kile kile, ya majaribio. Naipaka brashi mbili, naweka pembeni. Dawa ikikauka, viyeyushi vinavyoruka vinapoza uso wa kitambaa, na hewa ikiwa na maji mengi, maji hayo yanatua ndani ya dawa. Tunasubiri dakika kumi. Shangazi ameshika fremu na kuigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Baba, hapa pameingia ukungu."

Ameona kabla yangu. Kwenye kona, waridi imegeuka maziwa. Pale dawa haina nguvu, na tabaka lolote juu yake litakuwa limesimama juu ya kitu dhaifu. Natazama kipimo: 72 sasa. Mawingu yamerudi juu ya Ngong.

Nafunga mkebe.

Saa 11 jioni

Nafunika usukani kwa shuka jeusi, kwa sababu poliesta isiyo na tabaka la rangi ya fedha juu yake huliwa na mwanga wa jua, hata huu wa dirishani. Napandisha mikebe chumba cha wageni. Namsindikiza Shangazi stejini na mwavuli, na njiani ananiuliza kama ubavu wa kwanza, ule ulio karibu na mwili wa ndege, una mishono iliyobanana kuliko hii. Namwambia ndiyo, ndio unaopigwa na upepo wa propela. Anasema basi huo tuufanye asubuhi, mikono ikiwa haijachoka, na nisiuguse kabla hajafika.

Saa 3 usiku

Daftari. Mbavu za 9 na 10 zimekamilika. Ubavu wa 6 umekatwa na kushonwa upya, mishono 16, umekaguliwa na Shangazi. Injinia atakayekagua kabla ya tepu nimemwandikia hivyo hivyo, pamoja na sababu. Usukani: 177 pande zote, haujapakwa. Fremu ya majaribio: ukungu kwa asilimia 69 hadi 72.

Natoka na tochi kufuta namba ubaoni. Naandika 65.