Kwani suluhu ina ubaya gani?

Kazini kwetu kuna chumba cha kulia, kina maikrowevu tatu na tivii moja, na rimoti ya ile tivii ina wenyewe. Mi nafanya shifti ya usiku kwenye ghala hapa Columbus, Ohio, naendesha foklifti, na breki yetu inaangukia mida ambayo hakuna mchezo wowote laivu, kwa hiyo kinachowekwa ni marudio tu. Sasa ilikuwa Julai 2018, ligi ya soka ya hapa ipo katikati ya msimu, timu ya mji huu huu imecheza jioni ile, alafu tivii inaonyesha marudio ya Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, ule mpira wao wa kushika na mikono, mechi ambayo kila mtu mle ndani anajua iliishaje. Nikaomba rimoti niangalie hata magoli tu. Aisee, nilitazamwa kama mtu aliyeomba muziki msibani.

Kuna mzee mmoja pale, mzaliwa wa hapa hapa, kanizidi kama miaka ishirini hivi, mi namwita Anko na yeye kashazoea. Ndo akanijibu kwa niaba ya wote. Akasema huo mchezo gani watu wanakimbia dakika tisini, inaisha sifuri sifuri, wanapeana mikono wanaenda kulala. Nikamwambia Anko, kwetu hiyo ina jina lake kabisa, 1-1 ni sare ila 0-0 ni suluhu, neno lile lile la watu waliogombana wakapatana. Alicheka mpaka akamwaga kahawa. Akasema basi hapo ndo tatizo lenu, sisi huku hatupatani.

Hilo neno lilinikaa. Manake ukifuatilia historia ya soka ya kulipwa Marekani utakuta nusu ya vituko vyake vinatokana na watu waliokuwa wanamuogopa Anko. Yaani wenye ligi wenyewe walikuwa hawaamini mchezo wao, wanaona aibu nao, wanaupaka rangi kabla mgeni hajafika.

Na sisemi rangi kama fumbo. Mwaka 1975 New York Cosmos walimsajili Pele, mechi yake ya kwanza ikapigwa Downing Stadium pale Randall's Island, kituo cha tivii cha CBS kinarusha nchi nzima, na uwanja wenyewe ulikuwa na vipara kila kona. Wakafanyaje? Wakapulizia rangi ya kijani kwenye udongo ili kwenye tivii uonekane una nyasi. Inasimuliwa kwamba mapumziko Pele alipoangalia miguu yake akaona ukijani akajua kapata fangasi, akataka asicheze tena pale. Mfalme wa soka duniani kaja kuwafundisha mpira, wao wanamwaga rangi. Na si mara ya kwanza CBS kuhusika na mambo ya ajabu, mwaka 1967 refa mmoja alikiri kwamba alikuwa anapiga filimbi za faulo ambazo hazikuwepo ili tivii ipate nafasi ya matangazo, kwa sababu dakika 45 mfululizo bila tangazo ni dhambi kubwa nchi hii.

Cosmos waliwahi kujaza kweli. Agosti 1977 Giants Stadium waliingia watu 77,691, Pele yupo, Beckenbauer yupo. Kila tajiri akataka Cosmos yake, ligi ikafika timu 24, wote wanalipa mishahara ya Cosmos bila kuwa na mfuko wa Warner, kampuni iliyokuwa inawamiliki Cosmos, nyuma yao, na msimu wa 1984 ulipoisha ligi hiyo, NASL, ikafa. Iliondoka haraka kuliko ilivyokuja.

Kisha miaka kumi hivi kimya. FIFA wakawapa Kombe la Dunia la 1994 na wao wakaahidi kuanzisha ligi ya juu, kombe likaja, zaidi ya watu milioni tatu na nusu wakaingia viwanjani, nchi ambayo eti haipendi mpira. MLS, ndo ligi ya sasa, ikaanza 1996, na ndo hapo narudi kwa Anko. Mechi ya kwanza kabisa, tarehe 6 Aprili, San Jose Clash na D.C. United, dakika zinakwenda ni 0-0. Hebu fikiria wale mabosi jukwaani. Umetangaza mwaka mzima, umeita waandishi wa nchi nzima, na unaelekea kuwapa suluhu! Dakika ya 88 Eric Wynalda akampiga beki chenga akaikunja ikaingia, na mi nikiitazama ile klipu hata siangalii goli, nawaza tu watu wangapi pale waliteremsha pumzi.

Na hata isingeingia bado wasingekubali sare, walikuwa wamejiandaa. Mpira unawekwa yadi 35 kutoka golini, mchezaji ana sekunde tano tu, anakimbia nao kumfuata kipa, amalize. Si penati, si mpira, sijui ni nini. Saa ya uwanjani nayo inahesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri honi inalia, basi, hata kama straika kainua mguu apige. Majina ya timu ndo usiseme, Burn, Wiz, Mutiny, kama majina ya pipi. Kansas City Wiz lilidumu msimu mmoja. Yote hayo ni kumfurahisha mtu aliyekaa chumba cha kulia na rimoti yake, mtu ambaye hakuwa anaangalia na hakuwa na mpango wa kuangalia, huku wale waliokuwa wanaupenda mpira kweli, Wamexico, Wasalvador, Wapolishi wa Chicago, watoto waliocheza shuleni, wanashangaa hiki ni kitu gani. Kufikia msimu wa 2000 wakaachana na zile yadi 35 na ile saa.

Hapa nifungue mabano kidogo. Watu wanapenda kuwacheka Wamarekani eti wanauita soccer, wakati neno lenyewe walilitunga wanafunzi wa Kiingereza wakifupisha association, na sisi wenyewe tunasema soka kila siku hatucheki. Nafunga.

Na kingine kinachonichanganya ni wanawake. Hao heshima walishaipata zamani. Mwaka 1999 fainali ya Kombe la Dunia Rose Bowl, watu 90,185, Brandi Chastain na penati yake ya mwisho, makombe manne ya dunia mpaka leo. Lakini ligi yao ya kwanza ya kulipwa, WUSA, ilianza 2001 ikafa Septemba 2003, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia lingine ambalo lilichezwa hapa hapa. Ya pili nayo ikafa. NWSL ya 2013 ndo imesimama. Kulipwa sawa na wanaume timu ya taifa, mpaka wakaenda mahakamani, wakamalizana 2022 kwa dola milioni 24. Walijaza Rose Bowl, walileta kombe, na bado walikuwa wanadai kama kibarua anayedai posho ya jana.

Sasa nije mji wangu. Nilifika Columbus 2016 na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba hapa dini ni Ohio State, uwanja wao unaingiza zaidi ya watu laki moja na unajaa. Columbus Crew walianzia humo humo 1996, wanacheza kama wageni waliopewa sebule walale, uwanja ni mwembamba na jukwaa linakutazama tupu. Lamar Hunt, huyo ni tajiri wa NFL, ligi ya ule mpira wao wa kushika na mikono, ndo huyo huyo aliyebuni jina la Super Bowl, fainali yake, akataka kuwajengea uwanja, wananchi wakapiga kura kukataa kodi yao isiguswe, akatoa hela yake. Mei 1999 Crew Stadium ukafunguliwa, uwanja wa kwanza mkubwa wa MLS kujengwa kwa ajili ya soka tu. Ulikuwa mabati na vyuma, hauna urembo, upo kwenye viwanja vya maonyesho karibu na barabara kuu, lakini ulikuwa wa kwao. Timu ya taifa ilikuwa ikitaka kumfunga Mexico inamleta hapa kwenye baridi.

Alafu Oktoba 2017 mwenye timu akatangaza kwamba anafikiria kuihamishia Austin, Texas. Kuihamisha! Mi nilidhani sijaelewa Kiingereza. Nikauliza imeshuka daraja? Hapana, huku hakuna kushuka daraja. Imefilisika? Hapana. Sasa imekosa nini? Haijakosa kitu, ni biashara. Ndo nikaelewa mfumo wao, kwamba timu ni kipande cha ligi, mwenye nacho ana hisa kwenye kampuni, na inaweza kuondolewa kikaoni bila kufungwa goli hata moja. Mwaka 2001 Miami Fusion walimaliza kileleni mwa ligi nzima, Januari 2002 wakafutwa wao na wenzao wa Tampa, kwa sababu hela ilikuwa imekata na ligi nzima ilikuwa imebebwa na matajiri watatu tu, Anschutz, Kraft na huyo huyo Hunt. Kwetu anayeongoza ligi anabeba kombe juu ya lori, huku alikabidhi funguo. Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema Wamarekani hawaheshimu soka huwa nauliza Wamarekani wepi, manake Anko alikuwa anacheka tu, hajawahi kumfukuza mtu uwanjani.

Wale mashabiki hawakulala. Save the Crew, yaani iokoeni Crew, iliandikwa kila mahali, kwenye vioo vya baa, kwenye bampa za magari, kwenye mashati ya watu wazima walio na kazi zao za heshima. Kumbe Ohio ilikuwa na sheria tangu 1996, waliitunga baada ya tajiri Art Modell kuibeba timu yake ya NFL, Cleveland Browns, kuipeleka Baltimore, inasema timu iliyofaidika na hela ya umma haiondoki mpaka itoe notisi ya miezi sita na wenyeji wapewe nafasi ya kuinunua. Serikali ya jimbo na jiji wakaenda mahakamani. Yaani uchungu wa NFL ndo ukaja kuiokoa timu ya soka, na ukisikia nani alinunua utacheka, ni familia ya Haslam, wenye Browns wa sasa, pamoja na familia ya daktari wa timu. Austin wakapewa timu yao mpya. Crew wakachukua ubingwa 2020, wakahamia uwanja mpya mjini kati 2021, wakachukua tena 2023.

Siku hizo mazungumzo ya kazini yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Si kwamba walipenda mpira, hapana, walipenda ugomvi. Anko akaniambia sasa hicho nakielewa, mtu akija kuchukua timu yako unapigana. Akaanza kuuliza matokeo.

Alafu akaja Messi. Julai 2023, mechi yake ya kwanza akiwa na Inter Miami, dakika za majeruhi, frii kiki, goli. Ungeandika kwenye filamu wangekwambia punguza. Wiki mbili baadaye kule Dallas Messi yupo, na upande wa pili anafunga kijana anaitwa Bernard Kamungo, kazaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma, wazazi Wakongo, familia ikahamishiwa Texas, akapatikana kwenye majaribio ya wazi ambayo mtu yeyote anajiandikisha. Nchi hii mpira wa watoto ni ada juu ya ada, ndo maana hapa ni mchezo wa watoto wa madaktari, na wenye vipaji wengi wanaishia kwenye maegesho ya magari. Kamungo kapita kwenye ufa.

Aprili 2025 Crew wakaihamishia Cleveland, uwanja wa Browns, mechi yao ya nyumbani na Miami, kwa sababu wa kwetu usingetosha. Watu 60,614. Niliendesha masaa mawili na kitu, nimevaa njano na nyeusi, nafika nakuta bahari ya pinki ya Miami, wenye nyumba tumekuwa wageni. Tukafungwa moja bila. Nusu yangu ilifurahi kuona soka imejaza uwanja wa NFL, nusu yangu ilinuna mpaka nyumbani, na bado sijaamua ni ipi yenye haki.

Msimu ule ule Anko akanifuata, mjukuu wake anataka kwenda mpirani, nimsaidie tiketi. Tukaenda wote watatu, uwanja wa mjini kati, upande wa kaskazini ambako watu wanasimama mwanzo mwisho. Ikaisha 0-0. Mi nikawa namwangalia Anko kwa kuibia nikijiandaa kwa masimango ya wiki nzima. Hakusema neno kuhusu sifuri. Njia nzima mpaka kwenye gari alikuwa anagombana na mimi kuhusu offsaidi ya dakika ya sabini, kwamba yule winga hakuwa mbele, bega tu ndo lilikuwa mbele, na tangu lini bega linafunga goli, na refa kanunuliwa.

Usiku wa Jumatatu nikamkuta chumba cha kulia kashika rimoti, anapita chaneli moja baada ya nyingine anatafuta marudio ya ile offsaidi. Nikamwambia Anko, hawaonyeshi humo siku hizi, ligi nzima kainunua Apple, lazima ulipie, na hii tivii ya kazini haina. Akaniangalia kama vile mimi ndo nimeiuza.