Nilivyohamia Njombe na cherehani yangu

Baba watoto alipopata kazi kwenye kampuni ya parachichi Njombe, alitangulia mwezi wa pili. Mimi nilibaki Mbagala hadi Juni, nikisubiri shule zifungwe nishughulikie uhamisho wa mtoto. Tena nilikuwa kwenye mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu. Tulikuwa watu 12, mimi nimeshika namba 9. Nilimwomba kijumbe, msimamizi wa mchezo, anitafutie wa kubadilishana naye, nikapata namba 5. Hela ile ndiyo iliyonisimamisha huku. Michango iliyobaki niliituma kwa simu bila kuchelewa hata mara moja, maana aliyenipisha alinifadhili sana.

Baridi ya Njombe mwezi wa sita huwezi kusimuliwa ukaielewa. Asubuhi ya kwanza nilichukua chupa ya mafuta ya nazi nimpake mtoto, hayatoki. Yameganda, meupe kama mshumaa. Nikaiweka chupa karibu na jiko, nikakaa palepale nikalia.

Kilichoniumiza zaidi baba watoto hakukiona. Yeye alifika akakuta wenzake kazini, watu wa kula nao mchana, wa kumwelekeza kwa fundi bomba. Mimi Mbagala nilikuwa fundi cherehani, watu wananijua kwa kazi yangu. Hapa nikawa mke wa yule mgeni. Mwezi mzima nilinyamaza, nami najuta kunyamaza. Usiku mmoja nikamwambia: "Wewe umehamia kazini, mimi nimehamia ndani ya nyumba." Hakubisha. Jumamosi ile tulizunguka wote tukapata fremu karibu na soko, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo.

Nikatundika madera, kazi niliyoizoea. Wiki mbili watu wanapita tu. Ndipo akaingia mama mmoja mtu mzima, sweta juu, kitenge kiunoni. "Kamwene," akasema. Sikujua kuitikia, nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akalishika dera, akalisugua kwa vidole.

"Mwanangu, hili tutalivaa mwezi gani?"

Usiku ule sikulala, swali liko kichwani. Kesho yake nikanunua makoti mawili ya mtumba, nikayafumua mshono kwa mshono nione bitana, kile kitambaa cha ndani, imekaaje begani na mikononi. Dar sikuwa na haja ya kujua hayo. Koti langu la kwanza la kitenge lilivuta mgongoni kwa sababu nilikata bitana sawasawa na kitambaa cha juu. Bitana inataka nafasi: unaiachia mkunjo katikati ya mgongo, mtu akinyoosha mikono isimbane. La tatu ndilo lililokaa vizuri. Yule mama alilivaa, akainua mikono yote miwili kama anayechuma matunda, akasema nimkatie na lake.

Kuanzia hapo walikuja wa kikundi chake, kisha walimu, kisha watu nisiowajua kabisa. Bitana naagiza Kariakoo, inakuja na basi, naifuata mwenyewe stendi asubuhi na mapema. Madera bado nashona machache, ya wanaosafiri kwenda Pwani.

Nimeingia kwenye mchezo wa akina mama wa sokoni, tuko 10. Zamu yangu ni mwezi ujao, na hela yake nimeshaipangia ovaloki, mashine ya kuziba kingo za kitambaa.