Ninavyolinda Uchachu wa Primitivo Katika Joto la Manduria

Katika mashamba ya Manduria, mkoani Puglia, kusini mwa Italia, shida si zabibu kuchelewa kuiva, bali ni kuziwahi. Aina inayotawala hapa ni Primitivo, zabibu nyeusi inayoiva mapema kuliko nyingi, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, joto likiwa bado kali. Sukari hupanda upesi huku asidi ikishuka, na anayezembea hata kwa siku chache hupata mvinyo mzito wenye kilevi kikali na usioburudisha kinywa. Kanuni za mvinyo wa Primitivo di Manduria, uliotambuliwa rasmi mwaka 1974, zinadai kilevi kisichopungua asilimia 13.5, kiwango ambacho hapa hufikiwa bila jasho. Kinachonitoa jasho mimi ni kuuzuia usipite 15.

Nilianza na majani. Mizabibu yetu ya zamani imepogolewa kwa mtindo wa alberello, yaani vichaka vifupi vinavyojisimamia bila waya, vilivyopandwa kwenye udongo mwekundu ulio juu ya miamba ya chokaa. Vitabu vingi vinavyoshauri kuondoa majani ili vishada vipate mwanga vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mimi huondoa machache upande wa mashariki tu, ambako jua la asubuhi ni la upole, na ule wa magharibi siugusi kabisa, kwa sababu jua la alasiri, hasa upepo wa scirocco unapovuma kutoka kusini, hukausha zabibu zikingali kwenye mti.

Ugumu wa pili ni kwamba kishada kimoja cha Primitivo huweza kuwa na punje zilizosinyaa, zilizoiva sawasawa na zenye rangi ya kijani, zote kwa pamoja. Kupima punje moja moja, basi, ni kujidanganya. Mimi huchuma punje kutoka vichaka vingi, vya katikati na vya pembezoni, nikazikamua pamoja na kupima sukari ya maji yake kwa refraktometa. Kisha hutafuna mbegu: ikiwa bado ya kijani na inakwaruza ulimi, nasubiri; ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, nawaita wachumaji, mradi sukari isizidi Briksi 25, yaani takriban gramu 25 za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Tunachuma kwa mkono, tukianza kabla ya mapambazuko, ili zabibu zifike kiwandani zikiwa na ubaridi wa usiku.

Kwenye tangi naogopa jambo moja kuliko mengine yote: hamira, ambayo hugeuza sukari kuwa kilevi, kuchoka kabla ya kumaliza sukari. Juisi yenye sukari nyingi huitesa mwanzoni, na kilevi kinachozidi kuongezeka huitesa mwishoni. Joto likikaribia nyuzi 35, huacha kazi. Kwa hiyo nachagua hamira inayostahimili kilevi, naipa chakula chake chenye nitrojeni, na nazungusha maji baridi kwenye kuta za tangi ili joto libaki kati ya nyuzi 25 na 28. Asidi ikiwa kidogo mno, naongeza asidi ya tartariki, ile ile iliyomo kwenye zabibu kiasili, kabla uchachushaji haujaanza, jambo ambalo sheria za Umoja wa Ulaya zinaliruhusu katika maeneo ya joto kama haya. Ikiongezwa mapema huchanganyika na mvinyo. Ikiongezwa mwishoni, ulimi huibaini.

Lakini asidi ninayoipenda zaidi hutoka shambani penyewe. Nimekulia Dodoma, ambako mizabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo sikushangaa kuona Primitivo ikitoa vishada vya pili. Hapa huitwa racemi, vidogo, vinavyochipuka kwenye matawi ya pembeni na kuiva wiki kadhaa baada ya vile vya kwanza, bila kupogoa upya. Sukari yake ni pungufu na uchachu wake ni mkubwa. Wakulima wengi huviacha ndege wavile, kwa kuwa gharama ya kuwarudisha wachumaji haiwalipi. Mimi huvichuma kwenye vichaka vikongwe tu, navichachusha katika tangi dogo peke yake, na majira ya baridi naonja michanganyiko nikianza na sehemu moja ya racemi kwa tisa za mvinyo wa kwanza. Mwaka ambao Agosti imekuwa kali, naongeza. Mwaka wenye mvua, tangi hilo dogo tunalinywa wenyewe mezani.