Daftari la vipimo

Geti la pantoni upande wa Kigamboni likifunguliwa asubuhi, huendi, unapelekwa. Ukitaka kuinama kufunga kamba ya kiatu, subiri ufike Kivukoni. Nilikuwa nimeishi Tungi miaka kumi na mbili, nikivuka kila siku kwenda kushona Kariakoo, na geti lile sikuwahi kuliwaza hata mara moja.

Jumatatu ya tarehe 24 Septemba 2018 nikaliwaza. Nchi ilikuwa kwenye maombolezo. Alhamisi iliyotangulia MV Nyerere ilikuwa imepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya mia mbili wakafa wakiwa wanakaribia kufika. Mwisho wa wiki mzima redio za mtaani hazikuwa na habari nyingine. Asubuhi ile nilikuwa nimebanwa kati ya mwanafunzi na mama mwenye beseni tupu, pantoni ndiyo kwanza imeng'oa nanga, moyo ukaanza kukimbia. Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi, vyote kumi, na midomo nayo. Nikajua nakufa. Sikuhisi wala kudhani, nilijua kabisa, na nikaanza kuangaza macho nimpate mtu wa kumpa namba ya mke wangu.

Safari yenyewe ni ya dakika chache. Upande wa pili nilikaa ukingoni mwa barabara, muuza kahawa akanipa maji, na baada ya robo saa nilikuwa mzima kama mtu aliyesingiziwa.

Jumatano ikarudi. Ijumaa ikarudi. Nikaiacha pantoni, nikawa nazunguka darajani, daladala mbili na foleni yake, nafika kibandani saa nne wateja wameshahamia kwa fundi wa jirani. Halafu kile kitu kikanifuata hadi kwenye daladala. Mwishoni mwa Oktoba kilinikuta nimekaa kwenye cherehani yangu mwenyewe, mguu kwenye pedali, suruali ya bwana harusi mkononi.

Nilipima presha, sukari, malaria. Nikalazwa kitandani kifua wazi, nyaya zimebandikwa, kipimo cha moyo kikatoa karatasi ndefu yenye milima midogo. Kila daktari alisema uko sawa, na kila niliposikia niko sawa hofu ilizidi, maana nilijua basi ugonjwa wenyewe ni ule wasiouona. Daktari wa tatu alikuwa na subira kuliko wenzake. "Baba, moyo wako mzima. Nakuandikia uende chumba cha mwisho kule, uonane na mshauri."

Mlangoni paliandikwa USHAURI NASAHA.

Vijana wa leo huenda wasielewe kwa nini miguu ilikataa. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati vituo vya Angaza vinaenea, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukisoma maneno hayo hatusomi kingine ila kupima UKIMWI. Nikakaa benchini nimeshusha kofia. Haikusaidia. Jirani yangu wa Tungi, aliyekuja na mtoto, aliniona, akanishika bega kwa huruma ambayo sijawahi kuiona usoni kwake: "Pole jirani. Usijali, dawa siku hizi zipo." Nikamwitikia asante. Ningemwambia nini?

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo kwa sura nyingine. Mke wangu alisoma karatasi ya daktari, akakuta "afya ya akili", akakaa chini. "Baba Rehema, wanakupeleka Mirembe?" Kwetu Mirembe si hospitali iliyoko Dodoma tu, ni neno la kutukanana. Nikamwambia hapana, ni kuongea tu. "Kuongea si unaongea na mimi?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa siongei na mtu, nilikuwa naongeleshwa. Mama mkwe alishauri kisomo, na kisomo kikafanyika, nikalala vizuri siku tatu. Mzee mwenye kibanda alishauri niache kahawa. Muuza dawa alishauri vidonge vya usingizi. Shemeji alishauri nione haya, mwanaume mzima kuogopa maji. Kwa hiyo nilipoingia chumba kile nilitegemea ushauri wa tano, na kwa kuwa huyu alisomea, nikajua utakuwa mrefu.

Nikakuta binti, hazidi miaka thelathini, amesimama kunipokea. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, huku najiuliza mtoto huyu nitamweleza nini. Meza yake ilikuwa na sanduku la karatasi laini na saa iliyogeuziwa upande wake. Alisema tuna dakika 45, na nitakayosema hayatoki humo ndani isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini. Kisha akanyamaza.

Nikangoja. Naye akangoja. Hilo silisahau, maana tangu Septemba sikuwa nimekutana na mtu anayeweza kukaa mbele yangu bila kunielekeza kitu. Neno lenyewe, ushauri, limetudanganya wengi, kwani yule binti kwa wiki zote sita hakunishauri mambo matatu. Alikuwa anauliza.

Nikamweleza pantoni. Akaniambia niegemee kiti, tupumue pamoja haraka haraka, kwa kinywa, dakika moja. Nikaona mchezo wa kitoto lakini nikafanya. Kabla dakika haijaisha vidole vikaanza kufa ganzi. Vilevile! Kichwa kikawa chepesi, kifua kikabana.

"Hapa kuna maji, baba?"

"Hakuna."

"Kuna geti?"

Akanieleza kwa maneno ya kawaida. Mwili una kengele ya hatari, na yangu ilikuwa inalia bila mwizi. Ikilia napumua kupita kiasi, kupumua huko kunaleta ganzi na kizunguzungu, mimi naona ganzi nasema nakufa, basi kengele inazidi. Na kila nilipozunguka darajani niliifundisha kwamba pantoni kweli ni hatari. Halafu tukapumua tena, safari hii taratibu, kutoa hewa kuwe kurefu kuliko kuvuta, na nikaviangalia vidole vyangu vikirudi, kimoja kimoja. Karatasi ndefu yenye milima haikuwa imenituliza. Hiyo dakika moja ilinituliza.

Alinipa kazi ya kufanya nyumbani: kila hofu ikija niandike wapi, nimewaza nini, ukubwa wake kati ya sifuri na kumi, na mwisho wake nini kilitokea. Daftari nililokuwa nalo ni la vipimo vya wateja, nikaligeuza nyuma. Kwa hiyo mbele pana kiuno 36, paja 25, urefu 41. Nyuma pana "Jumanne, daladala, nitaanguka, 8. Kilichotokea: hakuna." Kurasa nne nzima za hakuna.

Wiki ya tatu aliniuliza mwaka ule umekwendaje kwa jumla. Nikasema vizuri, ila Februari nilifiwa na kaka yangu. Alianguka ghafla kazini. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamshusha kaburini, kesho yake nikafungua kibanda maana watoto wake wawili wa sekondari walikuwa wamekuwa wangu. Kulia sikulia, nafasi haikuwepo.

"Kaka alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

Hakuandika. "Na wewe, baba?"

"Arobaini na tano." Nikaongeza bila kuulizwa, "Mwezi ujao natimiza arobaini na sita."

Nikajisikia nikiyasema. Lile sanduku la karatasi, ambalo wiki mbili nilikuwa nikilidharau, nililimaliza nusu. Yule binti aliigeuza saa kifudifudi na akaniacha nilie.

Baadaye nimekuja kusoma habari za Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile watu wa kabila la Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi husema mtu "ana mawazo", na utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha mawazo hayo yanapungua. Sikushangaa. Ila si kila mtu atatoshwa na benchi, na binti aliniambia wazi kwamba ningekuwa silali kabisa au nawaza kujidhuru, angenirudisha kwa daktari tuzungumzie dawa.

Pantoni tuliirudia kwa ngazi. Kwanza kusimama getini tu, nisivuke. Kisha Jumapili asubuhi, pantoni ikiwa karibu tupu: 7, kisha 5. Kisha Jumatano saa tano.

Ngazi ya juu kabisa ilikuwa saa kumi na moja jioni, kutoka Kivukoni, watu wanarudi makwao. Nilivuka Desemba, juma moja baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Kifua kilianza tulipoondoka gatini, nikatoa hewa taratibu, nikahesabu. Pembeni yangu mama lishe mmoja alikuwa ametua ndoo ya vibua kutoka soko la Feri, imejaa hadi mdomoni, na pantoni ilipoyumba maji ya samaki yakamwagika yote kwenye mguu wangu wa kulia. Suruali ya kitambaa cha kijivu, niliishona mwenyewe, ilikuwa siku yake ya kwanza.

"Mama, jamani! Si uifunike?"

"Samahani kaka yangu, kifuniko kimeanguka huko nyuma."

Nikaendelea kugomba, nikamweleza bei ya kitambaa kwa yadi, nikakamua pindo, nikagomba tena. Watu wakaanza kusogea, geti likashushwa, na nilipoinua kichwa tulikuwa tumefika Kigamboni.